Somo la Kiingereza kwa Watu Wazima: Neno "Pterodactyl"

Shikeni kalamu na madaftari yenu. Jioni hii hatutasoma sentensi nyingi kama tulivyozoea. Tutalitazama neno moja tu, nalo ni neno refu lenye sura ya kutisha. Nitalitaja herufi moja moja, nanyi mliandike. P, T, E, R, O. Kisha D, A, C. Kisha T, Y, L. Nasema tena polepole: P-T-E-R-O-D-A-C-T-Y-L. Mmeliandika? Liacheni kwanza daftarini lipumzike.

Najua baadhi yenu mnauliza: mtu mzima anayejifunza Kiingereza ili asome gazeti na barua za kazi, neno kama hili litamfaa nini? Swali ni la haki, nami nisingalilichagua kwa hiari yangu. Lakini imetufikia barua. Msikilizaji wetu mmoja, fundi wa cherehani, anasema kwamba jioni akifunga kazi hukaa na mwanawe wa darasa la nne, wakasoma pamoja. Siku moja mtoto alileta kitabu cha picha cha Kiingereza. Katika ukurasa mmoja palikuwa na picha ya kiumbe mwenye mabawa mapana ya ngozi na mdomo mrefu, na chini yake limeandikwa neno hili. Baba akalisoma kama alivyoliona, akaitamka ile P ya kwanza. Mtoto akacheka, akasema, "Baba, hiyo P haisomwi." Baba akameza mate, akaendelea, akamweleza mtoto kwamba huyu ni ndege wa zamani sana. Mtoto akasema tena, "Baba, mwalimu katuambia huyu si ndege." Fundi anamalizia barua yake hivi: tangu siku ile kitabu kimekaa juu ya kabati, wala hakishiki.

Barua hiyo ilinikaa moyoni. Nimeona watu wengi wakiacha masomo kwa sababu ya kicheko kidogo kuliko hicho. Basi fundi wetu anataka kujua mambo mawili. Kwanza, herufi isiyosomwa inaandikwa ya nini? Pili, kiumbe mwenye mabawa, anayeruka, kama si ndege, ni nani? Nitayajibu yote mawili, na mtaona kwamba jibu la swali la pili limefichwa ndani ya neno lenyewe.

Tuanze na P. Neno hili si la Kiingereza kwa asili. Limeundwa kwa Kiyunani, yaani lugha ya Wagiriki. Wagiriki wanaweza kuanza neno kwa P na T zikifuatana, wakazitamka zote mbili bila taabu. Ulimi wa Mwingereza hauwezi. Sasa, Mwingereza akipokea neno la kigeni hupenda kuliacha na nguo zake za kwao, hata kama yeye mwenyewe hawezi kuzivaa. Huandika P kwa heshima ya asili, halafu anaipita kimya. Kwa hiyo husema "te-ro-dak-til", na nguvu ya sauti huiweka katika "dak". Semeni pamoja nami: te-ro-DAK-til. Tena: te-ro-DAK-til.

Sisi Waswahili tuna desturi nyingine kabisa: tunaandika tunachosikia. Chukueni ugonjwa wa mapafu uitwao nimonia. Kwa Kiingereza neno hilo huanza kwa P, kisha N: P-N-E-U-M-O-N-I-A. Sisi tulilisikia bila P, tukaliandika bila P, na hakuna mgonjwa aliyedhurika. Kadhalika saikolojia, elimu ya nafsi na akili ya mtu: Waingereza huanza na P, S, Y, sisi tumeanza na S. Yuko pia mtaalamu wa kale wa Iskanderia huko Misri, aliyeishi katika karne ya pili na kuandika habari za mji wa Rhapta katika pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki. Waingereza huliandika jina lake Ptolemy na kulitamka "Tolemi". Mkikutana naye vitabuni, msishtuke.

Kwa hiyo, ndugu fundi, ulipoitamka ile P ulisema kama anavyosema Mgiriki, na kama Wajerumani na Wafaransa wanavyosema hata leo. Uliyoikosa ni desturi ya Waingereza tu. Mwanao naye alikuwa na haki, maana kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Wako watoto wa shule wa Uingereza na Marekani wenye mzaha wao juu ya hiyo P iliyo kimya, unaohusu kiumbe huyu anapokwenda chooni. Lakini wengine mko mezani mnakula, kwa hiyo siusemi.

Sasa tulipasue neno lenyewe. Lina vipande viwili. Cha kwanza ni "ptero", nacho kimetoka katika neno la Kiyunani "pteron", maana yake bawa, au unyoya. Cha pili ni "dactyl", kutoka "daktylos", maana yake kidole. Bawa na kidole: kiumbe ambaye bawa lake ni kidole. Liwekeni hilo akilini, tutalirudia.

Kipande hiki cha "pteron" mmekwisha kukitamka mara nyingi bila kujua. Mmekitamka lini? Kila mliposema helikopta. Mtu akiitazama helikopta hudhani kwamba neno limekatika hivi: "heli" upande mmoja, "kopta" upande wa pili. Sivyo. Mfaransa mmoja, Gustave de Ponton d'Amécourt, aliliunda mwaka 1861 kwa maneno mawili ya Kiyunani: "helix", kitu kilichojizungusha kama parafujo, na "pteron", bawa. Kwa hiyo mkato ni "heliko" kisha "pta": bawa lizungukalo. Na angalieni jambo la ajabu. Katika helikopta P inasikika vizuri sana, kwa kuwa mbele yake kuna irabu ya kuipa mgongo. Ikikaa mwanzoni peke yake, Mwingereza huimeza. Ni herufi ile ile na neno lile lile la asili.

Kipande cha "daktylos" nacho kina ukoo mpana. Tunda la mtende, ambalo pwani yetu inalijua tangu zamani na ambalo hufuturiwa kila Ramadhani, Waingereza huliita "date". Neno hilo limefika kwao kwa njia ya Kilatini na Kifaransa kutoka "daktylos", kidole. Watu husema ni kwa sababu ya umbo la tunda lenyewe. Washairi wa Kiyunani nao walikuwa na kipimo cha shairi walichokiita kidole: sauti moja ndefu, kisha mbili fupi. Kikunjeni kidole cha shahada mkitazame: pingili moja ndefu karibu na kiganja, kisha mbili fupi. Malenga wetu huhesabu mizani. Wao walipima urefu wa sauti.

Hapa nitoe onyo. Msije mkasema kwamba daktari naye ni wa ukoo huo kwa sababu anatumia vidole kumpima mgonjwa! Daktari asili yake ni Kilatini, neno lenye maana ya mwalimu. Maneno yanaweza kufanana sura bila kuwa ndugu, kama watu wawili wanaofanana sokoni.

Turudi kwa kiumbe wetu. Kwa nini wataalamu walimwita bawa-kidole, wasimwite bawa-mkono, au mjusi-ndege, au jina jingine lolote? Ni kwa sababu walibishana juu yake miaka mingi, na kidole ndicho kilichofungua fumbo.

Kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, kuna machimbo ya mawe ya chokaa karibu na miji ya Solnhofen na Eichstätt. Mawe hayo hupasuka mabamba mabamba, laini na membamba, na watu waliyatumia kwa sakafu na mapaa. Tena mwaka 1796 Alois Senefelder alivumbua njia ya kupiga chapa kwa mawe ya namna hiyo. Wachimbaji wakipasua bamba, mara moja moja hukuta ndani yake samaki, au kamba, au mdudu wa zamani sana aliyegeuka jiwe. Bamba moja lilikuwa na mifupa ya kiumbe mdogo mwenye mdomo mrefu wenye meno, shingo ndefu, na katika kila mkono kidole kimoja kirefu kupita kiasi.

Bamba hilo lilifika katika nyumba ya hazina za mtawala wa Mannheim. Mwangalizi wa nyumba hiyo alikuwa Mwitalia, Cosimo Alessandro Collini, ambaye zamani alikuwa karani wa Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa. Mwaka 1784 Collini aliitangaza habari ya mifupa ile pamoja na picha iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa. Alikiona kile kidole, akakipima, lakini hakujua kilikuwa cha kazi gani. Akafikiri kwamba labda kiumbe huyu alikuwa wa baharini.

Mwaka 1800 Johann Hermann, mtaalamu wa Strasbourg, alimwandikia barua Georges Cuvier huko Paris. Alisema kwamba kile kidole kilibeba ngozi, na ngozi ile ilikuwa bawa. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ila Hermann alidhani kwamba kiumbe mwenyewe ni wa jamii ya wanyama wanyonyeshao. Cuvier hakuwa na jiwe mkononi. Alikuwa na maneno na picha ya Collini tu. Aliisoma mifupa katika picha ile, na mwaka 1801 akasema: huyu ni mtambaazi, wa kundi kubwa la mijusi, mamba na nyoka, lakini alikuwa akiruka. Je, watu walikubali? Hawakukubali wote. Mwaka 1807 Johann Friedrich Blumenbach, mmoja wa wataalamu wakubwa wa Ujerumani, alisema kwamba ni ndege, ndege wa pwani. Mwaka 1812 Samuel Thomas von Sömmerring alisema kwamba ni jamaa ya popo.

Basi, ndugu fundi, uliposema "ndege" ulikuwa umekaa benchi moja na Profesa Blumenbach. Si aibu kukaa na mtu kama huyo, ingawa tusikae naye mpaka usiku.

Cuvier alimjibu Blumenbach mwaka 1809, na katika jibu hilo ndipo alipompa kiumbe huyu jina la bawa-kidole. Wapiga chapa wakakosea. Badala ya kuweka "Ptero" waliweka "Petro", na kwa Kiyunani "petra" ni mwamba na "petros" ni jiwe. Jina likatoka katika karatasi kuwa kidole cha jiwe! Kosa hilo likasahihishwa baadaye. Lakini mimi nikilifikiri hucheka, maana kwa kiumbe aliyetolewa ndani ya jiwe, hao wapiga chapa hawakukosea mbali sana.

Sasa nataka kila mmoja wenu aweke mkono wake wa kuume juu ya meza, vidole vimetanuka. Tutafanya mabawa matatu kwa mkono huo mmoja.

La kwanza ni bawa la popo. Acheni kidole gumba nje, kiwe kifupi chenye ukucha. Vidole vyenu vinne vilivyobaki vivuteni virefu, kisha tandazeni ngozi nyembamba katikati yake, kama vijiti vya mwavuli na kitambaa chake. Mkono mzima umekuwa bawa. Kwa hiyo wataalamu huliita kundi la popo Chiroptera, "bawa la mkono". Mnaliona tena lile neno "pteron" mwishoni?

La pili ni bawa la ndege. Hapa vidole vimepunguzwa vikabaki vichache, vikaungana pamoja, na kazi ya bawa hufanywa na manyoya. Anayemla kuku ameiona ile ncha ya bawa yenye mifupa midogo iliyoshikana. Hivyo ndivyo vidole vyake.

La tatu ni la kiumbe wetu. Kidole gumba, cha shahada na cha kati, hivyo vitatu viacheni vifupi na kucha kali. Kidole cha mwisho kiondoeni kabisa; hakuwa nacho. Kimebaki kidole cha pete. Kivuteni mpaka kiwe kirefu kuliko kiwiliwili chenu, kisha kutoka ncha yake tandazeni ngozi mpaka ubavuni na mguuni. Bawa zima limeshikwa na kidole kimoja, cha nne. Bawa kidole: neno limesema kweli tupu. Anayejua maana ya neno hili hawezi tena kumchanganya kiumbe huyu na popo wala na ndege, hata kama hajafika chuo chochote.

Nasema hivi kwa kuwa watu hudhani kwamba majina marefu ya wataalamu yamewekwa ili kuwatisha wengine. Mengine, nakubali, yanatisha bure. Hili halimo.

Tuje sasa kwenye matumizi. Katika Kiingereza cha kila siku, mtu akisema "pterodactyl" humaanisha mtambaazi yeyote wa kale aliyeruka, mkubwa kwa mdogo. Wataalamu hawasemi hivyo. Kwao jina la kundi zima ni "pterosaur", bawa na mjusi, jina lililotokana na lile alilolitoa Johann Jakob Kaup mwaka 1834. Na kwa Kiswahili tunaweza kusema terosauri. Pterodactylus wao ni aina moja tu, yule wa mawe ya Bavaria, ambaye mabawa yake yakitandazwa yalikuwa kama mita moja kutoka ncha hadi ncha. Mambo haya si mageni kwetu. Mtu huenda dukani akaomba Colgate, akapewa dawa ya meno ya jina jingine kabisa, wala hakuna ugomvi. Jina la mmoja limekuwa jina la wote. Katika mazungumzo semeni "pterodactyl", mtaeleweka. Katika mtihani wa elimu ya viumbe andikeni "pterosaur".

Ukubwa wao ulitofautiana sana. Mwaka 1828 mwanamke mmoja wa mji wa Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, aitwaye Mary Anning, aliyekuwa akiokota na kuuza mifupa ya namna hii pwani, alimpata wa kwanza kujulikana nje ya Ujerumani. Huyo leo huitwa Dimorphodon. Mwaka 1876 Othniel Charles Marsh wa Marekani alimpa jina Pteranodon, yaani bawa bila meno, yule mkubwa wa Kansas mwenye upembe mrefu nyuma ya kichwa. Mabawa yake yalifika mita 6 na zaidi. Huyu ndiye anayechorwa mara nyingi katika vitabu vya watoto na kuandikwa chini yake "pterodactyl". Tazama tena kile kitabu kilicho juu ya kabati, ndugu fundi: kama kiumbe wa picha ana upembe mrefu kisogoni na hana meno hata moja, basi waliokitunga kitabu nao wanalo la kujifunza. Mkubwa kuliko karibu wote alipatikana Texas mwaka 1971, akapewa jina Quetzalcoatlus mwaka 1975. Mabawa yake yalikuwa kama mita 10, yaani urefu wa basi la abiria, na akisimama chini aliweza kumtazama twiga usoni.

Kosa jingine la kawaida ni kumwita dinosauri. Waliishi zama zile zile, tangu zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita hadi miaka milioni 66 iliyopita, wakapotea pamoja lilipoanguka lile jiwe kubwa kutoka angani. Lakini ni koo mbili, tuseme binamu. Kinachowashangaza watu ni kwamba ndege wa leo ndio waliotokana na dinosauri. Kwa hiyo kuku anayechakura uani kwako ana damu ya dinosauri, na terodaktili hana.

Kuna matumizi mengine ya neno hili yanayohusu bara letu, nayo siyapendi. Mwaka 1923 Mwingereza Frank Melland, aliyekuwa ofisa wa serikali huko Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, aliandika katika kitabu chake habari za Kongamato, kiumbe wa kuogopwa ambaye Wakaonde walisema yumo katika mabwawa ya Jiundu. Aliwaonyesha watu picha za terodaktili, wakasema ndiye. Tangu hapo wako waandishi wanaosema kwamba terodaktili hai wamo Afrika. Hakuna mfupa, hakuna ngozi, hakuna hata jino moja lililoletwa kuthibitisha. Ukimwonyesha mtu picha moja yenye mabawa na meno, ukamuuliza kama ndicho kile anachokiogopa, unatarajia akujibu nini? Wakaonde walikuwa na neno lao na maana yao. Kulibandika juu yake neno la Cuvier si kulitafsiri, ni kulifuta.

Mifupa ya kweli ya viumbe hawa, hata hivyo, tunayo Afrika ya Mashariki. Katika mkoa wa Lindi, Tanzania, kipo kilima kiitwacho Tendaguru. Tangu mwaka 1909 mpaka 1913, wakati nchi ilipotawaliwa na Wajerumani, wataalamu kutoka Berlin walichimba hapo mifupa ya miaka milioni 150 hivi, karibu umri ule ule wa mawe ya Bavaria. Wachimbaji walikuwa watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi, wengi wakizitwika vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Wengi wenu mmesikia habari za yule dinosauri wa Tendaguru aliyesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, mrefu zaidi ya mita 13. Wachache wamesikia kwamba katika mizigo ile ile kulikuwa pia na vipande vidogo vya terosauri.

Kimojawapo kilikuwa sehemu ya taya la chini, na meno yake. Kilikaa Berlin miaka mingi. Mwaka 1999 wataalamu wawili, David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich, walikichunguza wakaona kwamba ni aina ambayo haijapata kupewa jina. Wakaiita Tendaguripterus recki. Sehemu ya pili ni ukumbusho wa Hans Reck, mmoja wa waliosimamia uchimbaji. Sehemu ya kwanza mnaweza kuisoma wenyewe sasa: Tendaguru, kisha "pteron". Bawa la Tendaguru. Kilima cha Lindi kimeungana na neno la Kiyunani. Tena sikilizeni P yake. Kabla yake kuna irabu, basi inasikika, hata Mwingereza huitamka: Tendagurip-terus. Boheti bin Amrani naye alikumbukwa mwaka 2007, dinosauri mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Miaka 94 baada ya kazi kwisha, lakini limeandikwa.

Limebaki swali la Kiswahili chetu. Tumwiteje? Wako wanaosema tumwite ndege wa kale, kwa kuwa kwetu hata chombo cha chuma kirukacho angani huitwa ndege. Hoja hiyo ina uzito, lakini siikubali. Popo huruka kila usiku juu ya miembe yetu, na hakuna mtoto anayemwita ndege. Lugha yetu inajua kwamba kuruka peke yake hakutoshi. Mimi ningesema mtambaazi arukaye tunapolitaja kundi, na terodaktili, bila P, tunapomtaja huyu mmoja, kwa desturi ile ile iliyotupa nimonia. Bawa-kidole ni jina zuri la kumfundishia mtoto. Walimu mnaonisikiliza, kama mnalo jina bora, tuandikieni.

Haya, daftarini. Andikeni sentensi hii ya Kiingereza: "A pterodactyl is not a bird." Mmeona tumesema "a", hatukusema "an", maana "an" hutangulia sauti ya irabu, na hapa sauti ya kwanza ni T, ingawa herufi ya kwanza ni P. Isomeni kwa sauti mara tatu. Kisha andikeni sentensi mbili zenu wenyewe, moja yenye "wing" na moja yenye "finger".

Na zoezi la mwisho. Wataalamu wanalo kundi la wadudu waliloliita Diptera. "Di" ni mbili, "ptera" mnaijua. Nzi yumo katika kundi hilo. Je, mbu yumo? Na nyuki? Msinijibu kwa kubahatisha. Tafuteni mbu aliyekufa na nyuki aliyekufa, muwaweke juu ya karatasi nyeupe penye mwanga, na muhesabu mabawa yao. Majibu yafike kabla ya Jumamosi. Kwaherini.